Ndoo Mbili Juu ya Paa

Majengo, Dodoma
3 Septemba 1995

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kile kifua kimetulia. Mimi huku sijambo. Kazini wote wazima, wanakusalimu.

Nimempa Tereza barua na kifurushi, maana anakuja Kongwa kumwona mama yake. Fungua kifurushi mbele yake ili ajue kimefika salama. Kuna mlenda mkavu, kotimiri niliyoianika kivulini, fungu la mchaichai la kifua chako na mbegu za mrehani kwenye karatasi. Usimuulize Tereza nimenunua wapi, maana sijanunua. Nimelima mwenyewe, na nakupa nafasi tatu za kukisia wapi.

Umeshindwa. Ni juu ya paa!

Nyumba ninayopanga unaikumbuka, ile ya marehemu Mzee Swalihu. Upande wa nyuma kuna ghorofa, ndiko tuliko sisi wapangaji, na upande wa mbele ni duka tu. Paa la duka ni zege bapa, na ukifungua mlango wa kibaraza chetu unatokea juu yake. Miaka yote palikuwa pa kuanikia nguo na kulaza kunguru. Sasa pana makopo ya mafuta, ndoo zilizotoboka, karai moja na tairi mbili chakavu. Nimepanda mchicha, matembele, bamia, ngogwe (ndizo nyanya chungu), pilipili mbuzi na mrehani. Udongo nilipandisha mwenyewe kwa ngazi, samadi ya mbuzi nilipewa bure kule mtaa wa Kikuyu, na maji ni yale ya kuoshea mchele na mboga, kwa sababu maji ya bomba hapa ni ya mgao, tena yana chumvi yake. Jua likizidi natandaza chandarua kilichochanika.

Bi Mwanamvua, mjane wa Mzee Swalihu, anapanda kila Ijumaa kuchuma mrehani. Anayenuna ni mwanawe Hanifu, mwenye duka la redio na kaseti. Mwezi wa saba ameweka dishi la televisheni pembeni mwa mchaichai wangu, jeupe, kubwa kama karai la kuogeshea mtoto. Fundi wake alitoboa zege kwa tindo kutwa nzima, vumbi likanijaa kwenye mchicha mpaka nikauosha jani kwa jani. Nilimwambia maneno mawili matatu. Unanijua.

Ni burudani tu, baba, nikitoka kazini. Likizo hawajanipa, ndiyo maana sijaja.

Mwanao,
Evarista


Kongwa
17 Septemba 1995

Mwanangu Evarista,

Mbukwa, salamu ya kwetu. Marahaba. Kifurushi kimefika, na mchaichai nimekunywa. Kifua kimesikia. Hapo nimemaliza kukushukuru, sasa nakugombeza.

Umekosa ardhi, Evarista? Huku shamba la mama yako limelala, linakungoja, wewe unalima juu ya duka la mtu? Unajua sisi hapa nyumba ikiota majani juu watu wanasemaje. Wanasema humo ndani hamna mtu, au yumo na amekata tamaa. Kila mwaka kabla mvua haijashika mwenye tembe anapanda na jembe, anapalilia paa lake la udongo, anakandika upya. Hukuzaliwa na kaka, ndiyo maana kazi hiyo nilikupa wewe ukiwa mdogo. Ukawa unapanda kama ngedere, na nilikuwa najivuna.

Mpaka mwaka wa sitini na saba. Nilikwambia ng'oa yote, ukauacha mchicha kwa sababu ulikuwa na majani mazuri. Mvua ikaja, tembe likavuja juu ya kilindo cha mbegu, uwele wote ukaoza humo ndani ya gome. Tukaenda kwa mjomba wako na kikapu kuomba mbegu, mimi mtu mzima nimeinamisha kichwa. Nilidhani somo lile lilikuingia. Kumbe hata mjini umelibeba paani!

Lingine. Kwa miaka kumi na mitano barua zako zilikuja zimepigwa chapa, zimenyooka, mpaka padri alikuwa anaziomba azitazame. Tangu mwaka jana unaandika kwa mkono, na hii ni kwenye karatasi ya daftari. Mashine imeharibika? Au mkubwa wako amekuwa bahili wa karatasi?

Ng'oa hayo majani kabla mvua haijaja. Au rudi nyumbani ulime chini, kama watu.

Baba yako,
Yotham Ndahani


HANIFU SWALIHU
Redio, Kaseti na Deki
Majengo, Dodoma
28 Novemba 1995

Kwa Dada Evarista, chumba namba 4, ghorofani

YAH: KUONDOA BUSTANI JUU YA PAA

Salaam. Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mvua ya Jumapili mchana imevuja dukani kwangu. Deki moja ya video imeingia maji na boksi zima la kaseti limelowa, za taarabu na za dansi. Nimechunguza sababu nikaridhika kwamba ni bustani yako. Udongo unashika maji, maji yanakula zege, zege linavuja. Hili halihitaji elimu.

Nakutaarifu kwamba ifikapo tarehe 16 Desemba makopo yote, tairi zote na karai viwe vimeondoka. Paa lile nina mpango nalo. Nitaweka viti, watu wapande waangalie mpira kwa utulivu. Dunia imefunguka, Dada Evarista, biashara sasa ni ruksa, na mji hauwezi kubaki na mchicha juu ya vichwa vyetu.

Usipotekeleza nitalazimika kukuomba na chumba pia. Naandika haya kwa heshima, kwa kuwa wewe ni mkubwa kwangu kiumri.

Wako,
Hanifu Swalihu
Kwa niaba ya mwenye nyumba


Chumba namba 4
29 Novemba 1995

Bwana Hanifu,

Salaam. Barua yako uliyoipitisha chini ya mlango nimeipata. Ungegonga tu, ningekufungulia, mimi sing'ati.

Sing'oi. Nimeanza na hilo ili usipoteze muda wako mpaka chini ya ukurasa.

Unasema umechunguza. Ulichunguza saa ngapi? Tangu fundi wako ashuke na tindo lake mwezi wa saba hujakanyaga paa hili. Umechunguza ukiwa umekaa kwenye kiti chako cha kuzunguka, unatazama dari. Mvua za mwaka jana zilinyesha kuanzia Desemba mpaka Aprili, makopo yangu yakiwa palepale, na duka lako halikupata tone. Leo mvua moja ya nusu saa, tayari mimi ndiye mkosaji.

Na unasema dunia imefunguka. Ni kweli. Imefunguka kwako ukapata kuleta redio kutoka Dubai. Kwangu imefunguka ikanitoa nje, nikajikuta paani, na huko paani nimeota. Wapishi wa nyumba za wageni wanakuja hapa kuchukua kotimiri Bunge likikaa. Generosa mama lishe hapiki mchuzi bila ngogwe zangu. Mama yako mzazi, Bi Mwanamvua, hupanda ngazi ile na magoti yake yale kwa ajili ya mrehani wa Ijumaa. Hao wote nikawaambieje, kwamba wakae kando watu watazame mpira?

Na "kwa niaba ya mwenye nyumba" umeandika wewe. Mwenye nyumba mwenyewe jana alinywa chai ya mchaichai chumbani kwangu, na hakunitajia jambo hilo hata kidogo. Unaona ilivyo?

Tarehe 16 Desemba nitakuwepo. Makopo nayo yatakuwepo. Karibu.

Ni mimi mpangaji wako,
Evarista Y. Ndahani


Majengo, Dodoma
2 Desemba 1995

Baba,

Shikamoo.

Mashine haijaharibika. Ipo palepale mezani ofisini, imevishwa lile vazi lake la plastiki. Aliyeondolewa ni mimi.

Ni mwezi wa saba mwaka jana, baba. Mwaka na miezi mitano nakudanganya, kila nilipoandika "kazini wote wazima". Mkubwa wetu aliniletea orodha ya watakaopunguzwa, akaniambia nipige chapa nakala nne, ni siri. Nikapiga. Herufi A, herufi B, watu ninaokunywa nao chai. Nilipofika N nikakuta Ndahani, E. Y., mpiga chapa daraja la pili. Nikaipiga bila kukosea herufi, nikaendelea mpaka Z, nikampelekea. Akashindwa kuniangalia usoni. Nilisimama pale mpaka akaniangalia. Nilitaka angalau hilo.

Sikukuandikia kwa sababu nilijua utasema rudi. Na nilijua nikirudi nitakuwa yule yule wa mwaka wa sitini na saba. Wewe unasema ni somo. Mimi nilikuwa na miaka kumi, baba. Nilikwenda na wewe kwa mjomba, nilikibeba mimi kile kikapu, na njia nzima ulikuwa unawaambia watu wanaokusalimu, "Huyu ndiye aliyetuozeshea mbegu." Wasichana wenzangu wakaniita Evarista wa Mvujo mpaka nimepata kipaimara. Nilisoma upigaji chapa nikiwa na nia moja, niende mahali ambapo hakuna anayejua jina hilo.

Basi paa hili lilikuwa jibu langu. Makopo ya kwanza nilipanda kwa hasira. Nilitaka nioteshe kitu juu ya paa na kisivuje, nijionyeshe mwenyewe.

Na sasa linavuja. Mvua ya juzi imeingia dukani kwa Hanifu, ameniandikia barua ya kuniondoa mimi na mboga zangu. Nimemjibu kwa jeuri, ungenisikia ungecheka. Lakini usiku silali vizuri. Mwaka jana yalikuwa makopo ishirini, sasa yamefika themanini. Uzito umeongezeka. Nimejiuliza, ina maana ni mimi kweli? Ina maana mkono wangu ukipanda kitu juu ya nyumba, nyumba inavuja?

Mpaka tarehe 16 nina nafasi. Nikishindwa hapa sina pa kwenda ila Kongwa. Lakini nakuambia mapema, baba, kwa heshima zote: sirudi. Nitapanga chumba kingine, nitatafuta paa lingine. Nikikosa paa nitalima kwenye kofia.

Mwanao,
Evarista


Kongwa
9 Desemba 1995

Mwanangu Evarista,

Marahaba, mama. Barua yako nimeisoma mara tatu, ya tatu nikiwa nimesimama.

Kazi iliyokutoa imejipunja yenyewe. Hilo tuliache. Wangetafuta mpiga chapa wa kuandika jina lake mwenyewe bila kukosea wasingempata nchi nzima.

Nina neno la kukuambia na limekaa kifuani kuliko hicho kikohozi.

Mwaka ule wa sitini na saba niliuza beberu wawili nikanunua redio. Ilikuwa ya kwanza pale kwetu, kabla hatujahamishiwa kijijini. Watu walikuwa wanakuja jioni kusikiliza taarifa ya habari, na mimi nakaa katikati nimekunja nne. Ila ilikuwa inakwaruza. Mtu wa reli akaniambia nisimamishe mti juu ya nyumba nifunge waya, itasikika kama Dar es Salaam iko nyuma ya zizi. Nikapanda na mtaimbo. Nikatoboa udongo, nikapita majani, nikapita fito, mpaka kwenye boriti, nikasimamisha mti wangu. Ukasimama vizuri sana. Redio ikasikika.

Mvua ilipokuja niliyaona maji kwa macho yangu, Evarista. Yalikuwa yanateremka kwa ule mti, yanafuata boriti, yanadondoka juu ya kilindo. Mchicha wako ulikuwa upande wa pili kabisa, karibu na mlizamu wa kutolea maji, na chini yake palikuwa pakavu. Kabla majirani hawajaja kutupa pole niling'oa mti nikaziba tundu kwa udongo. Walipouliza imekuwaje, nikaangalia juu, nikaona mchicha. Ukanitoka mdomoni. Wewe ukalia, ukaniamini. Ungenibishia labda ningesema. Hukunibishia.

Mama yako alijua. Hakunisema mbele ya watu, lakini redio ile hakuiwasha kwa mkono wake hata siku moja mpaka anaingia kaburini.

Nimekuwa mzee wa kanisa miaka ishirini na jambo hilo chini ya shati. Nilipokuandikia Septemba nilikugombeza tena kwa kosa langu mwenyewe. Nisamehe kama unaweza. Kama huwezi, nisikilize kama fundi wa tembe, usinisikilize kama baba.

Maji hayapiti penye mmea. Yanapita penye tundu. Uliniandikia mwenyewe kwamba fundi alitoboa zege kutwa nzima kwa ajili ya hilo dishi. Basi fanya hivi. Subiri siku kavu. Weka watu dukani wanaotazama dari, wenye macho na wasio na haya ya kusema. Panda na ndoo mbili. Ya kwanza mwaga kwenye makopo yako, yote, polepole. Ngoja kiasi cha kunywa kikombe cha chai. Halafu ya pili mwaga kwenye miguu ya dishi. Usianze na dishi, watasema ndiyo maji ya dishi yaliyotelemka kwenye mboga. Anza na chako.

Na inua makopo yote juu ya fito, maji yapate njia chini yake. Zege au udongo, paa linataka njia ya maji.

Umesema hurudi. Usirudi. Shamba la mama yako nitamwazima mtu.

Baba yako,
Yotham Ndahani


Chumba namba 4
13 Desemba 1995

Bwana Hanifu,

Salaam. Ijumaa hii tarehe 15, ukitoka msikitini, naomba usifunge duka. Kaa ndani utazame dari. Bi Mwanamvua nimekwisha mwomba akae pembeni yako, amekubali, kiti chake namletea mimi.

Mimi nitakuwa juu na ndoo mbili za maji. Yakivuja kwa mboga zangu, sitangoja tarehe 16, nitaanza kushusha makopo siku hiyohiyo mbele yako. Yakivuja kwa kitu kingine tutazungumza.

Funika deki zako.

Evarista Y. Ndahani


HANIFU SWALIHU
Redio, Kaseti na Deki
Majengo, Dodoma
18 Desemba 1995

Dada Evarista,

Salaam. Sikuandika kichwa cha habari safari hii.

Kuhusu jambo la Ijumaa. Nakiri kwamba ndoo ya kwanza haikuleta kitu, tulikaa tukatazama dari mpaka shingo zikauma. Ndoo ya pili ilimshukia Bwana Masudi kichwani akiwa ameinama anachagua kaseti. Umati ulioingia baada ya hapo sikuualika mimi. Pia sikupenda ulivyokuwa unauliza kutoka juu kwa sauti ile, "Bwana Hanifu, mchicha huo?" Mtaa wote sasa nikipita naulizwa kama nimelowa.

Fundi wa dishi nimemwita. Amekubali hakuziba vizuri. Litahamishiwa ukutani.

Hata hivyo mimi ni mtu wa kuangalia mbele. Napendekeza tugawane. Nusu ya paa ibaki bustani, nusu, ile ya upande wa kivuli, niweke viti vyangu ishirini vya mpira. Nimezungumza na mama. Amesema nyumba ni yake, paa ni lake, na nisiandike tena "kwa niaba" bila kumuuliza. Kuhusu nusu kwa nusu amesema nikuulize wewe.

Basi nakuuliza.

Hanifu Swalihu

Mama anaomba kotimiri, ana wageni kesho.


Chumba namba 4
18 Desemba 1995, jioni

Bwana Hanifu,

Salaam. Kotimiri hii hapa, mpe mama, mwambie na pilipili nimeweka.

Nusu? Ng'o.

Usikasirike. Nitakuambia kwa nini. Nusu unayoitaka ni ya upande wa kivuli, na kwenye jua kali la hapa mboga bila kivuli ni kuni. Viti ishirini ni miguu themanini ya chuma na watu wanaoruka goli likiingia. Zege lako ndilo litakalolia, na mvua ijayo utatafuta tena mchicha wa kusingizia. Safari hiyo sitakuwa na ndoo za kujitetea.

Ila najua kuishi na watu. Nimeacha nafasi ya viti viwili, karibu na mrehani. Kimoja cha mama yako, kimoja chako. Ukitaka kupanda utulie, panda. Televisheni uiache chini.

Evarista


Majengo, Dodoma
31 Desemba 1995

Baba,

Shikamoo.

Ilikuwa kama ulivyosema. Ndoo yangu ilikuwa kavu dukani, ya dishi ikamlowesha mteja. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Paa ni langu bado, lote. Makopo yote yako juu ya fito, na mvua ya Krismasi imepita chini yake ikatoka nje bila kumgusa mtu.

Mbele ya watu nilicheka. Nilipofunga mlango wangu nikalia, halafu nikakasirika, na mpaka leo nina hasira. Miaka ishirini na nane, baba! Nimekwepa paa, nimekwepa jembe, nimekwepa nyumbani kwetu, kwa ajili ya mti wa redio. Ungekuwa karibu ningekuambia haya usoni, na ungenipiga kibao, na bado ningeyasema.

Sijakusamehe leo. Siku nitakayokusamehe nitakuandikia, sitakuficha. Nimemaliza kuficha.

Lakini kuna kitu nakudai. Umeniambia mimi kwenye karatasi, nami nilikuwa naujua uzito wake tayari. Wale walioniita Evarista wa Mvujo wako hapo hapo kijijini, wengine wana wajukuu. Waambie wao. Useme kwa mdomo, kama ulivyosema ile siku tukiwa na kikapu.

Nimekuwekea mchaichai mwingine. Kifua hakina kosa.

Mwanao,
Evarista


Kongwa
21 Januari 1996

Mwanangu Evarista,

Mbukwa.

Nimesema. Leo, kanisani, wakati wa matangazo. Padri alikuwa ametangaza ndoa ya Ruthu na zamu ya kufagia, akauliza kama kuna mwenye neno. Nikasimama. Nikawaambia mwaka wa sitini na saba tembe langu lilivuja kwa mti wa redio niliousimamisha mimi Yotham, na mtoto wangu Evarista hakuwa na kosa lolote, na wote waliomwita lile jina walilipata kwangu.

Halafu Mzee Anthony, yule aliyepofuka uzeeni, akasema kwa sauti, "Yotham, mbona hilo tulilijua? Tundu tuliliona siku ileile, udongo ulikuwa bado mbichi. Tulikuwa tunangoja useme." Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Nikakaa chini nimelowa jasho. Hasira yako ibaki nayo mpaka uichoke, siidai.

Mvua huku zimeshika. Juu ya tembe langu umeota mchicha, karibu na mlizamu, upande uleule ulioupenda wewe kwenye tembe la zamani. Asubuhi nilipanda kama kila mwaka, ila jembe nililiacha chini. Nilichuma majani ya mboga ya mchana, mengine nikayaacha yaendelee, na mbegu zako za mrehani nimezimwaga pembeni yake. Wanaopita wanatikisa kichwa, wanasema nyumba ya Yotham imekufa. Nawaita waingie ndani wale mboga.

Ikivuja, nitasema mwenyewe kwamba ni mimi.

Baba yako,
Yotham Ndahani